Jiwe Mgongoni mwa Nazaria

Ukiuliza pale Chinchero, kijiji kile cha milimani, habari za Nazaria Auccacusi utaambiwa mambo mawili. La kwanza, hakuna anayefuma mkanda ulionyooka kama wake. La pili, usimuulize swali la kijinga, maana atakujibu. Lipo na la tatu, la jiwe, lakini hilo kila mtu analisimulia kwa chumvi yake, na wengine wameshalifikisha mahali ambapo jiwe lenyewe linaongea. Halikuongea. Lingeongea, Nazaria asingehangaika alivyohangaika.

Mumewe, Damaso Quillahuaman, alikuwa mwashi. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya kukarabati magofu ya Wainka, watawala wa kale wa milima ile: mara Ollantaytambo, mara Pisac, mara hapa hapa nyumbani chini ya kanisa. Hakuwa mlevi, hakuwa mpiga mke, na mshahara alileta. Kasoro yake ilikuwa kununa. Ukimuudhi Jumatatu, sauti yake ungeisikia tena Jumapili, na hapo anaomba chumvi tu. Mwaka mmoja alinuna toka mavuno ya viazi hadi Krismasi. Nazaria alijua sababu: alimwambia kwamba poncho yake, vazi lake la sufu la kujitanda, inanuka kondoo. Hakumwomba radhi, kwa kuwa poncho ilinuka kweli. Lakini mwaka ule ulimkaa rohoni, na hata alipokuwa anamfunga kitambaa cha maiti kidevuni, Februari ile ya mvua kubwa, kifua kilipommaliza Damaso, alijikuta anasema kimoyomoyo, "Na ile poncho, basi, haikuwa inanuka sana."

Sikukuu ya wafu ya kwanza alimwandalia meza, na ya pili pia. Ya tatu ndiyo ya kuagana. Mwaka wa tatu marehemu anakula, anakunywa, anaagwa makaburini, na baada ya hapo mlango unafungwa. Nazaria alikuwa ameshaanza kutafuta unga wa mikate Damaso alipoanza kumjia ndotoni.

Alikuja mgongo umepinda kama mtu aliyebebeshwa gunia. Akasimama mlangoni, akauliza, "Umeliweka wapi?"

"Nini?" akauliza Nazaria.

Damaso akanuna.

Ndoto hiyo ilirudi mara nne kabla ya Septemba kwisha. Mara ya tano Nazaria alifunga safari kwa Meliton, mzee anayesoma majani ya koka. Meliton alitandika kitambaa, akayapuliza majani, akayaachia. Akayatazama kwa muda mrefu kuliko Nazaria alivyopenda.

"Kuna kitu amekishikilia," akasema. "Si chake. Kizito. Kimo nyumbani mwako."

"Kitu gani?"

"Majani hayana jina la kitu, mama. Kizito, basi."

"Kizito nyumbani mwangu ni mimi mwenyewe, mzee."

Meliton hakucheka, na hapo Nazaria akaogopa. Kila mtu pale anajua yanayompata mtu anayekufa ameficha kisicho chake. Haendi mbele, harudi nyuma. Anazunguka kwenye theluji za milimani na mzigo wake, miguu imechubuka, mpaka atokee mtu aliye hai amrudishie kitu kwa mwenyewe. Na kama sikukuu ya tatu itapita hajarudishiwa, nani atamfungulia tena?

Alipekua nyumba siku mbili. Aligeuza magunia, akachungulia darini, akawatoa simbilisi wote jikoni wakipiga kelele kama wanachinjwa, akachimba hata pembeni mwa jiko. Hakupata kitu. Alipochoka aliketi kutazama jibini lake la siku ile, na macho yakatua juu ya jibini.

Lile jiwe.

Damaso alikuwa analiwekea miguu akiota moto, limevishwa ngozi ya kondoo. Hakutaka mtu mwingine aliguse. Alipokufa, Nazaria aliona ni jiwe zuri, zito kiasi, bapa. Akaanza kulikandamizia jibini. Miaka miwili na miezi minane ya jibini. Sasa aliivua ile ngozi, akalifuta maziwa, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Uso wake ulikuwa laini kama shavu, umetuna kidogo katikati, na kingo zimeingia ndani kwa ustadi ambao huoni popote isipokuwa kwenye kuta za Wainka. Tena lilikuwa jekundu-jekundu. Mawe ya Chinchero ni ya kijivu. Kwa hiyo halikuwa la kijijini.

"Damaso," akasema kwa sauti, "umeniwekea mali ya Inka juu ya jibini?"

Wifi yake, Hermelinda, aliitwa akaja mbio, aproni bado kiunoni. Alilizunguka jiwe kama kuku anayezunguka nyoka.

"Kaka yangu si mwizi," akasema.

"Sijasema mwizi."

"Uso wako umesema."

"Uso wangu umezaliwa hivi, wifi. Haya, niambie wewe. Limefikaje hapa? Lilikuja kuomba kazi ya jibini?"

Hermelinda alikaa chini. Alimpenda kaka yake, na alikuwa ameshaanza kulia. "Kwa hiyo yuko huko, kwenye theluji? Na kifua chake kile?"

Ndipo Nazaria alipoacha mzaha. Walikubaliana jiwe lirudi lilikotoka, kimya kimya, kabla ya sikukuu, tarehe mosi Novemba. Shida ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa: lilitoka wapi? Mawe mekundu yako Ollantaytambo, na mawe mekundu yako Pisac, na Damaso alifanya kazi kote kuwili, na huko kote kuta ni nyingi kuliko nywele za mbwa.

"Tutaliweka kwenye kila pengo," akasema Hermelinda. "Linapoenea ndipo kwake."

Nazaria hakuwa na wazo bora. Hilo nalo lilimchanganya, maana kwa kawaida wazo bora alikuwa nalo yeye.

Jumapili wazawa wanaingia magofuni bure kwa kitambulisho, kwa hiyo waliingojea Jumapili. Nazaria alilifunga jiwe mgongoni kwa kitambaa chake chekundu, kama mtoto. Uzito wenyewe ulikuwa wa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa umbile pia lilikaa hivyo hivyo. Walipobadilisha basi Urubamba, mama mmoja mwenye kapu la karoti alisogea akamwambia, "Mshushe apumue kidogo, dada. Utamkosesha hewa."

"Amezoea," akasema Nazaria.

"Ana miezi mingapi?"

Nazaria akamtazama wifi yake. Wifi yake akatazama dirishani.

"Hatujui vizuri," akasema Nazaria. Yule mama alihama kiti.

Ollantaytambo mlinzi wa lango aliona kofia mbili, kitambaa kimoja, bonge mgongoni, akasema, "Pita, bibi, pita na mjukuu." Wakapita. Zile ngazi zilimtoa Nazaria jasho ambalo hajalitoa tangu harusi yake. Kila vidato kumi anasimama, anashika kiuno, anamtukana marehemu kidogo, anaendelea. Watalii waliwapita wakipumua kama ng'ombe. Mwanamke mmoja wa kizungu alikunja uso kwa huruma, akaonyesha kamera, akaonyesha mgongo wa Nazaria, akafanya ishara ya kufunua.

"Amelala," akasema Nazaria kwa Kihispania chake cha sokoni. "Ana surua."

Yule mwanamke alishuka vidato vitatu kwa mkupuo.

Karibu na juu, nyuma ya ukuta wenye vishubaka, waliliona pengo, chini kabisa, limezibwa kwa udongo uliokwisha kudondoka. Hermelinda akasimama kuangalia watu. Nazaria akapiga magoti, akalifungua jiwe, akalisukuma ndani. Upande wa kushoto lilienea hata unywele usipite. Upande wa kulia paliingia vidole viwili.

"Limesinyaa," akanong'ona Hermelinda.

"Jiwe halisinyai."

"Miaka yote hiyo kwenye maziwa? Hata mimi ningesinyaa."

"Wifi."

"Basi ukuta umepanuka! Kulikuwa na tetemeko."

Nazaria alilitoa, akaligeuza, akalisukuma tena kichwa chini. Vidole vitatu. Akaligeuza ubavu. Halikuingia kabisa. Alikaa kitako kwenye vumbi, jiwe mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu ndoto zianze alihisi hajui kabisa anafanya nini. Huenda ndipo, na Damaso aliliharibu. Huenda sipo. Kama akiliacha mahali si pake, si atakuwa ameiba mara mbili?

Hermelinda alinyoosha kidole ng'ambo ya mto, kwenye yale mawe makubwa ambayo Wainka waliyaacha njiani toka machimboni. Watu wa huko huyaita mawe yaliyochoka. Hayakufika yalikokuwa yakienda, yakalala hapo hapo. "Tuliache kule," akasema. "Nani atalijua? Litachoka na wenzake."

"Yale yalichoka yenyewe," akasema Nazaria. "Hili lilibebwa na mtu. Na mtu mwenyewe bado analibeba."

Wakashuka nalo. Langoni mlinzi alikuwa mwingine, na alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha na jibini, hata kichwa hakuinua.

Wiki ile Damaso alikuja tena, mgongo umepinda zaidi. "Umeliweka wapi?"

"Nimelibeba mgongoni kutwa nzima!" Nazaria akamfokea humo humo ndotoni. "Wewe sema ni la wapi! Neno moja tu, Damaso. Pisac? Ollantaytambo?"

Damaso alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama moto ni moto. Kisha akamgeuzia mgongo, na Nazaria akaamka na hasira mpaka kwenye meno. Hata kufa hakukumfundisha kujibu.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya sikukuu. Walikwenda Pisac. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, njia ya juu ina utelezi, na Hermelinda aliteleza mara mbili akimtaja Bikira kila mara kwa jina tofauti. Huko nako mlinzi aliwaona, akatabasamu kwa "mjukuu", wakapita. Huyu aliitwa Rufino, mtu wa makamo, mpole, mwenye masharubu yaliyomkaa kama aliazima. Tunamtaja kwa sababu atarudi.

Kwenye zile nyumba za juu, zenye mawe mazuri kuliko yote, walipata mapengo mawili. La kwanza lilikuwa dogo mno. La pili, kwenye pembe ya ukuta, limesukumiwa udongo na kokoto. Nazaria alilikwangua kwa kijiti cha kufumia. Akaliingiza jiwe. Likaingia lote, kulia na kushoto na juu, likakaa. Lakini halikufika mwisho. Nyuma palikuwa pamejaa kitu, likabaki limejitokeza kiganja kizima nje ya ukuta, kama ulimi.

"Ndipo!" akasema Hermelinda.

"Linatoka nje."

"Lisukume."

"Nimelisukuma. Lisukume wewe."

Walilisukuma wote wawili, miguu ikiteleza. Kule Ollantaytambo liliingia ndani lakini lilipwaya. Hapa lilibana lakini halikuingia. Kila mahali palikuwa karibu ndipo, na karibu ndipo ni kama sipo. Kikundi cha watalii kikaanza kupanda, sauti zikasikika, Nazaria akalichomoa jiwe haraka na kulitupia mgongoni bila kulifunga vizuri.

Ndiyo maana langoni kitambaa kilifunguka. Jiwe lilianguka mbele ya miguu ya Rufino kwa kishindo ambacho mtoto hawezi kukitoa.

Rufino aliliangalia jiwe. Akamwangalia Nazaria.

"Mama," akasema taratibu, "umeingia na mtoto, unatoka na jiwe?"

"Niliingia nalo."

"Uliingia na jiwe?"

"Ndiyo."

"Ukapanda mlima wote huu na jiwe, kuja mahali palipojaa mawe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

Ukweli ulikuwa unasikika kichaa, na uongo aliokuwa nao Nazaria ulikuwa umeanguka chini. Hermelinda, ambaye kunyamaza kunamuuma tumbo, akaingilia kati. "Sisi hatuibi, bwana! Tunarudisha!"

"Ahaa," akasema Rufino. "Kumbe mliiba lini?"

"Wifi," Nazaria akasema, "wewe ungekuwa wakili, watu wote tungekuwa jela."

Rufino hakuwa mkorofi, lakini kazi ni kazi. Jiwe la magofu likipatikana mkononi mwa mtu, lazima taarifa iandikwe na jiwe libaki. Nazaria aliposikia "libaki" aliinama akalishika jiwe. Libaki wapi? Kwenye kibanda cha mlinzi, chini ya meza, na makoti ya mvua na ndoo? Hapo ndipo kwake? Basi Damaso angetembea kwenye theluji milele kwa ajili ya chini ya meza. Akaanza kueleza yote bila mpangilio: koka, jibini, mgongo uliopinda, vidole viwili, sikukuu ya tatu. Alipotaja jina la Damaso Quillahuaman, Rufino aliinua mkono.

"Ngoja. Damaso yule mnunaji?"

"Wako wengine?"

Rufino alimpigia simu mzee mmoja, Wenceslao, aliyekuwa nyapara wa waashi wa ukarabati kwa miaka mingi na sasa analima mahindi chini kidogo ya lango. Alikuja na jembe begani, miwani imefungwa kwa uzi wa sufu, matope hadi magotini. Hakumsalimu mtu. Aliinama, akaupapasa uso wa jiwe kwa kiganja, akaligeuza, akatazama mgongo wake, na akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Lilikuwa wapi?"

"Juu ya jibini langu," akasema Nazaria.

"Shemeji, hili si la Inka. Tazama hapa nyuma. Inka aligonga jiwe kwa jiwe, anaacha vidoa-vidoa kama ndui. Hii mistari iliyonyooka unaiona? Hiyo ni tindo ya chuma. Hii ni kazi ya Damaso mwenyewe. Alilichonga hapa hapa, miezi minne, kwa ajili ya ule ukuta wa pembeni kule juu."

"Linatoka nje kiganja kizima," akasema Hermelinda.

"Kwa sababu tulipolitoa, tulijaza kifusi nyuma."

"Mlilitoa kwa nini?" akauliza Nazaria.

Wenceslao aliketi juu ya jiwe jingine. Alisimulia kwamba mtaalamu wa mambo ya kale waliyekuwa naye wakati ule alikuwa na sharti: kila jiwe jipya litobolewe tundu dogo kwenye pembe, watu wa kesho wajue lipi la zamani na lipi la jana. Damaso alikataa. Akasema, atakayeweza kulitambua jiwe langu ukutani alitoboe mwenyewe. Mtaalamu alizunguka ule ukuta siku mbili, kwa miwani na kwa picha, hakulipata.

"Ikawaje?"

"Ikawa nikamwonyesha mimi." Wenceslao alitazama matope yake. "Nilikuwa nyapara. Jiwe likatolewa. Damaso akaliweka ndani ya poncho, akashuka nalo mlimani. Hakusema neno. Kazini alirudi baadaye, ila kwangu hakusema neno tena mpaka Krismasi."

Nazaria alikuwa amesimama. Sasa alitafuta mahali pa kukaa.

"Krismasi ya mwaka gani?"

Mzee akautaja.

Ulikuwa mwaka wa poncho.

Rufino alidhani Nazaria anaumwa, akamletea maji. Miezi saba ile alilala ukutani, mumewe amempa mgongo, akihesabu maneno aliyomwambia. Miaka kumi na moja alijiona ni mwanamke aliyemvunja mumewe moyo kwa sababu ya harufu. Na kumbe Damaso alikuja nyumbani na jiwe ndani ya poncho ile ile, akaliweka jikoni, na hakusema. Nazaria alitaka kucheka na alitaka kumpiga mtu, na wa kumpiga hakuwepo.

"Kwa hiyo ni lake," hatimaye akasema.

"Lake kabisa," akasema Wenceslao. "Rufino, andika hivyo au usiandike chochote."

"Basi kwa nini majani yamesema ameshikilia kisicho chake?"

"Shemeji, mimi ni mtu wa mawe. Majani muulize mtu wa majani." Alisimama, akapachika jembe begani. Kisha akageuka. "Lilikosa tundu tu, unajua. Angekubali tundu, leo lingekuwa ukutani na wewe ungekandamiza jibini kwa kitu kingine."

Njiani kurudi, jiwe mgongoni, Nazaria hakusikia hata kelele za basi. Kama ni lake, hakuna cha kurudisha. Kama hakuna cha kurudisha, kwa nini anatembea amepinda? Kipi basi alichoshikilia ambacho si chake? Alifikiri mpaka Calca, akafikiri mpaka Urubamba, na kila alipofika mwisho wa fikra alikuta pengo la vidole viwili. Hermelinda peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. "Nilikwambia si mwizi," alisema, mara kama kumi na nane.

"Alitaka jiwe lake liitwe la Inka," Nazaria akasema ghafla walipokuwa wanashuka Chinchero.

"Kwani hilo ni dhambi?"

"Sijui. Najua jina la Inka si lake. Labda hicho ndicho kizito." Kisha akaongeza, "Au labda Meliton ni mpuuzi. Sijui, wifi. Usiniulize."

Asubuhi ya tarehe mosi Novemba alitoa sanduku la zana za Damaso. Akachukua tindo nyembamba na nyundo ndogo, akaliweka jiwe uani juu ya gunia. Hermelinda alikuja na mikate ya umbo la mtoto, akaona, nusura aiangushe.

"Utamkasirisha!"

"Amenuna miaka kumi na moja kwa jambo hili. Ataongeza nini?"

"Yeye alikataa kwa mdomo wake, Nazaria!"

"Alikataa akiwa hai, wakati alikuwa na mgongo mzuri." Lakini hakuwa na hakika. Aliiweka tindo kwenye pembe, akaiondoa, akaiweka tena. Kazi ya miezi minne, jiwe ambalo mtaalamu alilitafuta siku mbili. Na yeye, mfuma mikanda, aje alitoboe. Alipiga. Chembe ikaruka. Alipiga mpaka jua likafika katikati, na tundu lililotokea lilikuwa limepinda kidogo, kama lilitobolewa na mtu anayelia, ingawa yeye angekukatalia.

Meza ikaandaliwa: supu ya viazi vikavu kama alivyoipenda, simbilisi wa kuchoma, pombe ya mahindi iitwayo chicha, sigara mbili, mikate. Jiwe katikati, tundu limeelekezwa mlangoni.

"Damaso," akasema Nazaria, mikono kiunoni. "Jiwe lako hili. Ni zuri. Hakuna aliyelitambua, nimeambiwa. Sasa lina alama, na kila mtu atajua ni la nani. La Inka mwachie Inka. Na poncho yako ilikuwa inanuka, hilo silirudishi nyuma. Lakini ungeniambia. Ungeniambia tu, mwanamume wewe."

Jioni walimwaga majivu mlangoni na sakafuni kote, kusoma nyayo asubuhi. Asubuhi majivu yalikuwa yamevurugwa kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyekumbuka kufunga simbilisi. Vijiguu vyao vilikwenda kulia, vikarudi kushoto, vikazunguka meza, vikaja mpaka kwenye jiwe.

"Hiki hapa kisigino," akasema Hermelinda, ameinama pua karibu na sakafu. "Kinatoka nje. Ameondoka!"

"Hicho ni simbilisi aliyeketi."

"Kisigino, nakwambia!"

Nazaria aliinama, akatazama. Kwa jicho moja kilikuwa kisigino. Kwa lingine kilikuwa makalio ya simbilisi. Alitazama mpaka mgongo ukauma, kisha akachukua ufagio. Mchana walimwaga chicha kaburini, wakaimba, wakaagana naye, wakarudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Jiwe sasa liko nje ya mlango wake, kama kigoda cha kukalia, pale ambapo vikundi vya watalii hupita kwenda kanisani. Wiki chache zilizopita mwongozaji mmoja mwenye mwavuli wa njano alisimama hapo, akalipiga kofi, akawaambia watu wake kwamba hii ni kazi halisi ya Inka, tazameni ulaini huu, miaka mia tano na zaidi. Watu wakapiga picha. Nazaria akatoka mbio, uzi umeningʼinia shingoni.

"Muongo! Lina tundu hapa, huoni? Hili ni la Damaso Quillahuaman. Kalichonga yeye, miezi minne, kwa tindo ya chuma. Waambie. Waambie na jina."

Mwongozaji akawaambia na jina. Mzee mmoja wa kigeni akauliza kama huyo fundi bado yupo, angependa kumpa mkono.

Nazaria akafikiri. Tangu usiku wa majivu Damaso hajamjia ndotoni hata mara moja. Hajaja amepinda, hajaja amenyooka, hajauliza kitu. Hermelinda anasema ni wazi kabisa, kaka yake amefika. Meliton, kwa malipo ya jibini moja, alisema majani yametulia.

Lakini Nazaria aliishi na mtu yule miaka thelathini na mmoja, na ukimya wake anaujua. Hawezi kukwambia kama ameondoka, au amenuna tu.

"Hayupo," akamwambia yule mgeni, akarudi kwenye ufumaji wake. Mlango hakuufunga.